Siku Niliposawazisha Sauti ya Dada

Ilianza siku ya Alkhamisi, tarehe 24 Aprili 1969, saa tisa na robo za mchana. Saa naijua kwa sababu niliitazama. Mama alikuwa amekwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu wa Unguja, kwenye hitima, mvua ya masika ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni mbele ya tepurekoda mbili, ya kwetu na ya kuazima, nikaziwasha kwa mpigo mmoja. Katika daftari langu ninaloandika kila siku, siku ile haina neno. Ukurasa wa Jumatano umejaa mpaka pembeni, halafu pana ukurasa mweupe. Miezi miwili sasa nauruka. Leo naujaza.

Tepurekoda ya kwetu, ukisema kweli, si ya kwetu. Ni ya shemeji. Alipomwoa dada akamchukua Maskati, mwanzo wa mwaka wa sitini na tano, watu wengi walikuwa wakiondoka na nyumba za mtaani zikifungwa moja moja. Mizigo yao ilikuwa mingi na ile mashine ina uzito wa debe la maji, basi shemeji akasema, "Iachwe kwa mama, itampa mazungumzo." Wiki moja kabla ya safari dada alijifungia chumbani akamtilia mama gurudumu moja la utepe. Mna nyimbo saba. Nyingine alizinasa kwenye redio, nyingine kwenye sahani za santuri alizoazima kwa majirani. Na kabla ya kila wimbo alisema maneno kidogo: huu ndio ulioimbwa usiku nilipotiwa hina, huu ndio uliokuwa ukiupenda ulipokuwa na mimba yangu. Kabla ya wimbo wa saba alisema maneno mengi, dakika tatu au nne, ya kuaga.

Ila dada hakujua kutumia maikrofoni. Aliiegemeza kwenye redio kabisa, nyimbo zikaingia kwa makelele. Yeye mwenyewe alikaa mbali, na haya zake, akasema chini chini kama anayemwambia mtu siri kwenye umati. Kwa hiyo ukitaka kumsikia dada lazima uongeze sauti mpaka mwisho, na akimaliza tu, kabla hujavuta pumzi, uwahi kuipunguza, la sivyo wimbo unalipuka nyumba nzima. Kisha unaisha, unaongeza tena. Mara saba hivyo. Mama alikuwa akiijua miruko hiyo yote. Mkono wake wa kulia ulikaa juu ya kile kidude cha sauti, ukipanda na kushuka wala hatazami, huku anachambua mchele kwa wa kushoto.

Mwaka wa sitini na saba ikaja telegramu. Dada alikuwa amefariki katika uzazi, na mtoto hakukaa. Kaburi lake hatulijui. Picha tunayo moja ya harusi, na amefunikwa uso. Basi kuanzia siku ile ule utepe haukuwa tena nyimbo. Mama hakujali nyimbo, alitaka yale ya katikati. Lakini hakukubali nyimbo zirukwe. "Kazichagua yeye," alisema. "Tumkate maneno?"

Mwaka jana mama akashikwa na maradhi, akapooza upande wa kulia. Mguu umerudi, anatembea kwa kushikwa, lakini mkono haukurudi. Kuwasha mashine kwa mkono wa kushoto aliweza. Kuwahi kidude cha sauti hakuweza. Ikawa kazi yangu. Nimo kwenye hesabu zangu za shule, nasikia:

"We mtoto!"

"Abee, mama."

"Njoo, dada yako anakaribia kumaliza."

Nakwenda, napunguza. Narudi kwenye hesabu. "We mtoto!" Naongeza. Mara saba, kila alasiri, ila siku za zamu ya baba, kwani baba ana mke mwingine Ng'ambo na akiwa kwetu mama haufungui utepe mbele yake. Nasema kweli kwa kuwa daftari halijui kunicheka: nilichoka. Zilifika siku niliketi pale mkono wangu ukifanya kazi, na sauti ya dada ikipita masikioni mwangu kama maji ya mfereji. Sikuwa nasikia maneno. Nilikuwa nangoja yaishe ili nipunguze.

Mwezi wa Machi nilichelewa shuleni. Mama akawasha peke yake. Dada akasema, akamaliza, mama akanyanyuka kuwahi, mguu ukamwacha, akaanguka baina ya kiti na kitanda, na wimbo unapiga kelele juu yake. Jirani wa dirisha la pili, mwanamke mwenye mdomo, akachungulia uchochoroni akapaza, "Jamani, harusi ya nani hiyo? Mbona sie hatukualikwa?" Mama alinihadithia huku anacheka. Kiwiko chake kilikuwa kimevimba kama dafu changa. Tangu siku ile hakuigusa tena mashine nikiwa sipo, na nikiwapo akawa ananitazama kwanza usoni kabla hajaniomba. Hilo la kunitazama ndilo lililonipeleka kwa fundi.

Fundi wa redio ni mzee wa Kihindi, duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa kukunja. Nilipita mbele ya mlango ule siku tatu bila ya kuingia. Siku ya nne aliniita mwenyewe.

"Binti, unanichunguza? Umetumwa na polisi?"

Nikamwamkia, shikamoo mzee, nikamweleza. Aliweka mkono sikioni.

"Sauti hii yako ndiyo ya kutengenezwa kwanza. Sisikii kitu. Ongeza!"

Nikaeleza tena. Alisikiliza huku akichezesha bisibisi vidoleni. Akasema dawa ipo. Uchukue mashine ya pili, upige utepe wako kwenye ya kwanza, na ya pili inase. Pale dada anaposema, unaongeza. Pale wimbo unapoanza, unapunguza. Mkono wako ufanye kazi mara moja tu, na ya pili itashika kila kitu kikiwa sawa. Baada ya hapo mama anawasha, anakaa.

"Bora kwa waya," akasema. "Lakini waya wa namna hiyo haupo Unguja nzima, nimeshauulizia. Utatumia maikrofoni. Sasa maikrofoni haina adabu, inashika vyote: kunguru, mvua, mwadhini..."

Hapo adhana ya adhuhuri ikaanza. Mkono wa fundi, yeye si Mwislamu, ukaenda kwenye redio iliyokuwa ikiimba nyuma yake ukaizungusha mpaka kimya, na mdomo wake unaendelea kunieleza mambo ya maikrofoni. Hakutazama hata redio yenyewe. Kwetu mjini ndivyo tulivyolelewa sote. Adhana ikianza, mkono haumsubiri mtu. Sikulitia maanani. Nani analitia maanani?

Mashine alikuwa nayo ya kuniazima, na utepe mtupu mmoja. Utepe wa kuniachia hakuwa nao, na madukani haupatikani. Jumamosi alikuwa anaondoka kwenda kwa mwanawe Dar es Salaam, hajui atarudi lini, na vitu vyake vyote anavifunga. "Kwa hiyo nasa kwenye utepe wangu, kisha urudishe kwenye wako. Lakini, binti, nitazame. Utepe ni kama ubao wa shule. Ukiandika juu, cha zamani hakipo. Usirudishe kwenye wako mpaka uwe umesikiliza wangu mwanzo mpaka mwisho. Umefahamu?"

"Nimefahamu, mzee."

"Sijasikia."

"Nimefahamu!"

"Haya. Alkhamisi niletee kabla ya magharibi."

Jumatatu mvua. Jumanne mvua, na paa letu la bati lasema kuliko redio. Jumatano mvua. Alkhamisi kukakucha kweupe. Khalati, mdogo wake mama, akaja adhuhuri kumchukua mama kwenye hitima, na walipopinda kona nikafunga madirisha yote ya upande wa uchochoroni, nikaegemeza maikrofoni kwenye mto, nikaanza.

Nilikuwa na furaha. Hilo nalo niliandike. Mkono wangu ulikuwa mwepesi siku ile, kila mruko niliuwahi, dada anamaliza neno la mwisho na mimi nishateremsha, wimbo unaingia kwa adabu kama mgeni aliyevua viatu. Wimbo wa pili, wa tatu, wa nne. Nikawa nachekea peke yangu. Nilimwona mama jioni ile, amekaa, hana wasiwasi, hanitazami usoni. Wimbo wa sita ulipokwisha niliongeza sauti, dada akaanza maneno yake marefu ya kuaga, na mimi macho yangu yapo kwenye gurudumu, napima utepe uliobaki, nahesabu kama nitawahi kurudisha kabla ya saa kumi na moja. Hapo adhana ya laasiri ikaingia kutoka msikiti wa nyuma ya nyumba. Nikasema moyoni, haidhuru, adhana si kelele. Nikajifunika kanga kichwani nikawa naitikia chini chini kama siku zote. Ikesha. Wimbo wa saba ukapita, utepe ukafika mwisho, ukapigapiga. Nikazima.

Nikaswali. Nikazungusha magurudumu yote mawili mpaka mwanzo na kuhamisha maikrofoni, la fundi juu ya mashine ya fundi kupiga, letu kwenye ya kwetu kunasa. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano. Nikakumbuka alivyosema fundi, sikiliza kwanza. Nusu saa ya kusikiliza, nusu saa ya kurudisha, kisha kuibeba ile mashine mpaka dukani, na mama yuko njiani. Na kweli yenyewe nyingine: nilikuwa nimeshasikiliza. Si nilikuwa pale, masikio wazi, tangu mwanzo? Nikabonyeza.

Safari hii kidude hakikuhitaji mkono, ndiyo ilikuwa raha yote. Nikaona la muhimu ni kimya, nikashuka nikakaa kizingitini chini kuzuia watu wasipige hodi. Yule jirani wa dirishani akaja na sahani mkononi.

"Hodi wenyewe—"

"Sss!" nikasema.

"Kuna mgonjwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuna maiti?"

"Hakuna, bibie. Nnakuomba tu."

"Basi mbona unanifukuza kama kuku? Nna vitumbua vya mamaako hapa." Akanipa sahani, akaondoka kwa kunyata, anajifanya mwizi, na kanga kaipandisha juu ya miguu. Nilicheka nikajiziba mdomo. Juu, dada alikuwa anafutwa.

Mashine ya fundi niliirudisha saa kumi na moja na nusu. Aliniuliza, "Umesikiliza mpaka mwisho?" Nikasema, "Ndiyo, mzee," na sauti yangu ilitoka kubwa, akanisifu.

Mama alirudi magharibi inaingia. Tuliposwali nikamkalisha kwenye kiti chake, nikamtilia chai, nikamwambia, "Washa mwenyewe."

"Nani atanipunguzia?"

"Washa tu, mama."

Akawasha kwa mkono wa kushoto. Dada akasema, na alisikika. Mama akagutuka kidogo. Wimbo ukaanza, mama akainua bega la kulia, lile lililokufa, kama anayetaka kuwahi, na wimbo ukaingia taratibu, ukakaa palepale alipokaa dada. Mama akanigeukia. Tangu ije ile telegramu sikuwa nimemwona na uso ule. "Umefanyaje?" Nikamweleza. "Kumbe una akili namna hii na umeninyamazia!" Akavuta kiti karibu na mashine. Kila dada aliposema alimjibu. "Naam, mama. Namkumbuka yule mpiga tari. Leo uko karibu, mwanangu, leo umekuja karibu kabisa." Akala kitumbua. Wimbo wa sita ukesha. Mama akaweka kikombe chini, akajifuta mkono, akakaa sawa, kwani sasa ndiyo yanakuja yale marefu.

Dada akasema, "Mama, sasa nakuaga..."

Hapohapo ikatoka adhana.

Mama akavuta kanga yake kichwani. Alidhani isha imeingia. Akawa anaitikia, neno kwa neno, midomo inachezacheza, amefumba macho. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, natazama dirisha: lilikuwa limefungwa, na isha ilikuwa bado nusu saa. Adhana ile ilikuwa inatoka kwenye mashine. Na chini ya adhana nilisikia mtu mwingine anaitikia, msichana, kwa mnong'ono, karibu sana na maikrofoni. Nilikuwa mimi. Ndipo nilipouona mkono wangu. Niliuona unakwenda kwenye kidude, laasiri ile, unakizungusha mpaka kimya kwa heshima ya adhana na kukifungua tena ilipokwisha, kama ulivyofanya maisha yake yote, bila ya kuniuliza. Na dada, nyuma ya kimya kile, alisema yake yote na hakuna kilichomnasa.

Adhana ikesha. Mama akapangusa uso kwa kiganja, akaiinamia mashine.

"Kishaadhini," akamwambia dada. "Haya, sema mwanangu."

Wimbo wa saba ukaanza.

Mama aliungoja mpaka katikati, akidhani pengine dada yumo. Kisha akasema, "Mbona hakusema?"

"Labda utepe umeruka," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mama, sasa nakuaga. Adhana. Mimi nikinong'ona. Wimbo. "Rudisha." Mara tatu. Mara ya tatu mama hakuitikia adhana. Aliinamisha kichwa akiisikiliza yangu mimi, ile minong'ono, akaijua. Akaniuliza bila ya kugeuka:

"Huyu ni weye?"

"Ni mie, mama."

"Na ile ya fundi?"

"Nayo ni hivi hivi. Hii imetoka huko."

"Na ya mwanzo?"

Nikalinyooshea kidole gurudumu lililokuwa likizunguka mbele yake. Akazima mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mashine ilipozima, adhana ya isha ikaingia, ile ya kweli. Mama hakujifunika. Alikaa tu. Baadaye akasema, "Vitumbua vitaingia sisimizi. Vifunike," na nikenda kuvifunika, na huko jikoni nikang'ata mkono wangu wa kulia mpaka alama za meno zikabaki.

Asubuhi yake, Ijumaa, sikuvaa sare ya shule. Nilichukua daftari hili na kalamu, nikaenda nikakaa kwenye mkeka miguuni pa mama. Nilikuwa nimejaribu peke yangu tangu alfajiri kuyaandika maneno ya dada. Utepe ule nimeusikiliza mara ngapi, mia mbili? Nilipata mistari minne. Mingine sikuwa nayo.

"Mama," nikasema. "Yeye alisemaje?"

Nilidhani atanifukuza. Alinitazama, akatazama daftari, akatazama mkono wangu wenye alama. Kisha akafumba macho akaanza, na hakuwa anahadithia, alikuwa anasema kwa mwendo wa dada, pale alipokwenda mbio na pale alipokwama.

"Mama, sasa nakuaga. Usikae dirishani ukingoja barua, barua zinakuja kwa meli na meli haina haraka. Mkate wa kumimina nitaukosea huko, mchele wao sijui ukoje. Hapa akakohoa. Andika, akakohoa."

Nikaandika.

"Ile kanga yangu nyeusi apewe mdogo wangu, na asiianike juani. Najua yupo nyuma ya mlango hapo, namwona vidole vya miguu. Njoo basi nawe useme neno, mama akusikie. Njoo. Hataki, ana haya. Haya, muache."

Nilikuwapo kweli. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nimesimama nyuma ya mlango, na sikuingia. Hilo nalo nilikuwa nimelisahau, na lilikuwa mle kwenye utepe kila siku. Nikaandika, na wino ukatawanyika, nikapangusa kwa kanga nikaandika tena.

Mama akaendelea, kisha akanyamaza. Nilidhani amesahau. Alikuwa hajasahau, midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Sijasikia, mama."

"Hapo pana maneno yangu mie na yeye," akasema. "Hayo usiyaandike."

Nikaacha mistari mitatu mitupu, nikaweka kalamu kwenye wa nne.

"Haya, mama. Baada ya hapo?"